Nimefunga daunriga kwenye boti ya faiba ya futi 23 hapa Mtwara: kazi niliyoifanya mara mbili

#1 Nahodha_wa_Shangani

Wakuu, habari za kutwa. Kuna mmoja aliniuliza kwenye uzi wa injini ile mikono miwili iliyotokeza nyuma ya boti yangu ni antena za nini. Si antena, ni daunriga. Nilimwahidi uzi, nikawa navuta siku kwa sababu kazi yenyewe nimeifanya mara mbili na ile ya kwanza ni aibu tupu.

Kwa wasioifahamu: ni winchi ndogo ya umeme wa volti 12. Ina ngoma yenye waya mwembamba wa chuma, ina mkono wa mita moja na ushee wenye puli nchani, na mwisho wa ule waya linaning'inia chubwi la risasi la kilo 4 na nusu. Juu kidogo ya chubwi kuna kibanio. Mshipi wako unaubana pale, unashusha chubwi hadi kina unachotaka, boti inatembea taratibu. Nguru akidaka, mshipi unachomoka kwenye kibanio, mnabaki wewe na samaki wako. Chubwi halimo tena kwenye ugomvi.

Sababu ya kuhangaika nayo ni kwamba sisi wengi tunakokota juu juu. Asubuhi sawa. Jua likipanda, hasa kaskazi bahari ikitulia kama sinia, nguru anashuka. Kipima kina kinakuonyesha samaki wapo pima nane, tisa (pima moja ni kama mita 1.8), na chambo chako kinapita juu ya paa lao, hawana habari nacho.

Mashine mbili nilizipata Dar, mtumba, kwa jamaa aliyekuwa anauza vifaa vya boti ya watalii. Zilikuja bila karatasi yoyote. Nikajiambia, hii ni winchi tu, kuna nini hapo.

Kosa la kwanza: skrubu za mbao. Ukingo wa boti yangu ni ubao mwembamba uliofunikwa faiba. Nikapiga skrubu nne kila mashine, nikaitikisa kwa mikono miwili, ikatulia kama nguzo ya umeme. Nikaridhika.

Safari ya pili, nje ya Msangamkuu, mpwa wangu kwenye injini, chubwi likanasa kwenye mwamba. Boti inakwenda, mkondo unasukuma, mkono wa mashine ukaanza kupinda kuelekea nyuma. Kabla sijasema "toa gia" nikasikia mlio kama mtu anachana turubai. Kitako kiling'oka na kipande cha ukingo cha ukubwa wa kiganja, mashine ikaning'inia nje kwa nyaya zake za umeme. Tukaidaka.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Waya wa chuma wa hizi mashine hukatika kwenye kilo kama 68. Mkono ni mita 1.2. Kitako kina boliti zilizopishana sentimita 15. Kwa hiyo kabla waya haujakatika, zile skrubu zilizo mbali na mkono zinavutwa kwenda juu kwa nguvu ya 68 mara 1.2 gawa kwa 0.15, yaani kama kilo 540. Mimi niliweka skrubu za kabati la nguo.

Mara ya pili nilifanya hivi. Boliti za stenlesi za milimita 8, zimepita moja kwa moja hadi chini ya ukingo, na kule chini kuna kipande cha mkongo cha unene wa nchi moja, kipana mara mbili ya kitako. Boliti hazivuti faiba tena, zinavuta mkongo, na mkongo unaegemea faiba eneo kubwa. Washa pana, nati zenye plastiki ndani ili zisilegee kwa mtetemo wa injini, na grisi kidogo kwenye nyuzi za boliti kwa sababu stenlesi kwa stenlesi ikikaza kavu inang'ang'aniana, hutaifungua maisha.

Matundu nayo yana adabu yake. Nilitoboa makubwa kuliko boliti, nikajaza epoksi, ile gundi inayoganda ngumu, nikaacha ilale usiku kucha, halafu nikatoboa tena katikati tundu la milimita 8. Boliti inapita ndani ya epoksi bila kugusa ubao wa ndani. Maji yakipenya siku moja hayakuti cha kuozesha. Juu nikaweka gundi ya poliyurethani ya boti. Ile silikoni ya madirisha inayonuka siki msiilete baharini. Ile siki ni asidi, nayo na chuma hawaelewani.

Mahali pa kufunga msikadirie kwa macho. Mpwa alishika mashine pale pembeni nyuma, mimi nikazungusha mkono wa injini kutoka mwisho hadi mwisho, nikaigeuza injini juu kama tunaingia pwani, nikakaa kama ninapigana na samaki. Mara mbili kiwiko changu kiligonga mashine. Tukasogeza mbele sentimita 40. Kama tungetoboa kwanza ningekuwa na matundu manane ya kuziba.

Kosa la pili ni umeme, na hili ndilo lililokaribia kuniunguzia boti. Nilinunua betri kubwa ya ampea-saa 100 nikaona nimemaliza. Nyaya nikatumia zilizobaki nyumbani, milimita mraba 2.5, zile ngumu za kupitishia ukutani. Hazikufika, nikaunga. Nikasokota, nikazungusha utepe mweusi. Fyuzi sikuweka.

Wiki ya kwanza winchi ilipandisha chubwi kwa kusuasua. Nikadhani ni uzee wa mashine. Wiki ya tatu nasikia harufu ya plastiki. Naangalia kile kiungo, utepe umeyeyuka unadondoka kama nta, na tangi la petroli liko nusu mita kutoka pale. Nilichomoa tamino ya betri kwa vidole vitupu, alama ninayo mpaka leo.

Ningekuwa na fyuzi yasingenikuta. Sasa nina nyaya za milimita mraba 10, na kila kitu nimerudia. Ulizeni.

#2 kijana_wa_Ligula

Picha mkuu. Uzi bila picha ni hadithi.

#3 FundiVolti

Mkuu Nahodha, pole na hongera, ila hapo kwenye fyuzi nakukatalia. Fyuzi isingekuokoa.

Sikiliza. Winchi ya namna hii ikivuta chubwi huchukua ampea 15, 20. Ungeweka fyuzi ya 30, ingeona 20 inapita, ikatulia kimya. Kilichoungua ni kiungo. Chumvi iliingia, shaba ikageuka kijani, kiungo kikawa na ukinzani, yaani umeme unapita kwa shida. Tuseme ni omu 0.1 tu, kitu ambacho multimita nyingi za dukani hata hazikipimi sawasawa. Ampea 20 zikipita pale, 20 mara 20 mara 0.1, unapata wati 40. Pasi ya kulehemea ya fundi redio ni wati 40! Ulikuwa umefunga pasi ya kulehemea chini ya utepe, karibu na petroli, na kila ukipandisha chubwi unaiwasha.

Fyuzi ina kazi nyingine. Waya ukisuguliwa ukachunika, chanya ikagusa hasi, hapo betri yako inamwaga mamia ya ampea na waya wote unakuwa mwekundu. Hiyo fyuzi inaiona. Ndiyo maana inakaa karibu na betri, isizidi shibiri moja kutoka kwenye tamino. Ukiiweka kule karibu na winchi, mita tano zote za waya hazina mlinzi. Na fyuzi inachaguliwa kwa kuangalia waya. Ile 30 kwenye waya wa 2.5 ni kumpa mlevi ufunguo.

Ukitumia sakiti breka (swichi inayojikata yenyewe) badala ya fyuzi, nunua ya umeme wa sola, iliyoandikwa DC. Ya nyumbani imetengenezwa kwa umeme unaozimika na kuwaka mara 100 kwa sekunde, cheche yake hujizimia yenyewe. Umeme wa betri haupumui.

Kuhusu kusuasua, hesabu ni hii. Shaba ya mita moja yenye eneo la milimita mraba 1 ina ukinzani wa omu 0.0175. Betri hadi winchi ni mita 5, kwenda na kurudi 10. Kwa waya wa 2.5 unapata omu 0.07, mara ampea 20 ni volti 1.4 zimepotelea njiani. Betri inatoa 12.3, winchi inapokea 10.9, hapo bado hujatoa za kile kiungo. Kwa waya wa 10 unapoteza volti 0.35. Winchi ileile inaamka kama imekunywa chai.

Na ule waya mgumu wa ukutani kwenye boti unakatika ndani bila kuonekana kwa ajili ya mtetemo. Tumia wa nyuzi nyingi laini, na ukiupata ule uliopakwa bati, shaba yake ni nyeupe, usiulize bei.

#4 Nahodha_wa_Shangani

FundiVolti, nimekubali kushindwa hadharani. Wati 40. Nimemsomea mpwa akacheka mpaka akakaa chini.

Viungo sasa havipo kabisa njiani. Waya mmoja mzima kutoka kwenye breka hadi kwenye plagi ya winchi, ncha zimebanwa kwa koleo lake halafu nikavalisha ule mrija unaosinyaa kwa moto, wenye gundi ndani. Gundi ikichungulia pande zote mbili najua maji hayapiti. Kabla ya kuingia kwenye plagi waya unashuka kidogo kama tumbo, ili tone la maji lidondokee pale chini lisitambae hadi kwenye plagi.

Hasi nimeirudisha moja kwa moja kwenye betri. Fundi mmoja aliniambia niifunge kwenye bodi ya injini kuokoa waya. Nikakataa, umeme ukipita kwenye injini iliyo majini, zinki (kile kipande kinachofungwa ili kiliwe badala ya injini) inaliwa, na zinki ikiisha unaliwa mguu wa injini.

#5 BintiWaFeri

Mimi sijui omu wala ampea, najua samaki. Nahodha, hao nguru unaoleta siku hizi ndio wale? Maana wa mshipi na wa nyavu mimi namjua kwa mkono. Wa nyavu amekufa anahangaika, nyama imelegea, magamba yametoka. Wa mshipi aliyechinjwa papo hapo na kuingia kwenye barafu, hata kesho yake jicho linang'aa. Hoteli wanauliza huyo.

Swali langu: mashine inashusha chambo kimoja tu? Safari nzima ya petroli kwa mshipi mmoja mbona hailipi?

#6 Nahodha_wa_Shangani

Dada yangu, ndio hao. Mashine mbili, kila moja na mshipi wake, na huwa naacha mshipi mwingine wa juu katikati. Mitatu. Zaidi ya hapo ukikata kona inasukana kama nywele. Kona zenyewe nakata pana, kwa sababu waya wa upande wa ndani unarudi kuitafuta propela.

#7 MzeeBildi

Nawasoma vijana wangu hapa Mikindani. Hiki kitu si kigeni kama mnavyodhani. Sisi tulikuwa na jiwe. Unachukua jiwe la kushika kwa mkono, unaweka chambo juu yake, unazungushia mshipi mara kadhaa, unafunga kifundo cha kufyatuka. Unashusha huku unahesabu pima. Ukifika unapotaka unapiga mkuto mmoja, kifundo kinafyatuka, jiwe linazama, chambo kinabaki kinaelea kule chini kitupu. Hakuna betri hapo. Tatizo, kila mtego jiwe moja, asubuhi unapakia mawe mpaka mtumbwi unakaa chini kama umebeba harusi.

Sasa nauliza. Mnasema mnashusha pima kumi. Boti ikitembea, hiyo pima kumi ni kweli kumi?

#8 Nahodha_wa_Shangani

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo nililochelewa kujiuliza. Si kumi. Maji yanasukuma chubwi nyuma, waya unalala. Ukilala nusu ya kona mraba, yaani digrii 45, mita 20 za waya zinakupa kina cha kama mita 14. Ukilala digrii 30 kutoka wima unapata kama 17. Kipimo cha mashine kinahesabu waya uliotoka, hakijui waya umelala vipi. Kwa hiyo naangalia pembe kwa jicho. Ukilala sana, ama napunguza mwendo ama naweka chubwi zito zaidi. Na chambo cha samaki halisi mwendo ni mdogo tu, noti mbili hadi nne (maili za baharini kwa saa), waya unasimama vizuri.

#9 MzeeBildi

Marahaba mwanangu. Basi jiwe langu lilikuwa linashuka wima kuliko mashine yako.

#10 Mtu_wa_Kitunda

Nipo Lindi, ng'ambo hapa Kitunda. Injini yangu ni ya kuvuta kamba, haichaji betri. Sasa mkisema ampea 20, si betri itakufa saa moja? Naona bora ile ya kuzungusha kwa mkono.

#11 FundiVolti

Hapo wengi wanachanganya. Ampea 20 ni nyingi lakini ni za muda gani? Chubwi likipanda mita 30 kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde ni nusu dakika. Tuseme ampea 15 kwa nusu dakika: ni ampea-saa 0.125. Kushuka linashuka kwa uzito wake. Ukipandisha mara 40 kwa siku umetumia ampea-saa 5. Tano! Betri ya 100 ya Nahodha ni kubwa kupita kiasi, anabeba uzito wa bure. Betri ya 50 inatosha na taa za usiku juu, mradi usiishushe chini ya nusu, hizi za risasi na asidi zikizoea kuisha zinakufa mapema. Paneli ya sola ya wati 100 kwenye jua zuri inarudisha ampea-saa tano kwa saa. Jua la Lindi halina shida hiyo.

Yaani pesa ya betri kubwa ingehamia kwenye waya mnene.

Ila ya mkono nayo si ya kubeza. Haina cha kuungua. Kama unapandisha mara kumi kwa siku, kwa nini usumbuke.

#12 kijana_wa_Ligula

Chubwi la risasi bei yake imesimama. Nimefikiria kumwaga zege kwenye kopo la rangi. Mnaonaje?

#13 FundiVolti

Zege linaelea zaidi kuliko unavyodhani. Kilo 5 za zege ndani ya maji ya bahari zinabaki na uzito wa kama kilo 2.9. Risasi kilo 5 zinabaki kama 4.5. Halafu zege ni kubwa, maji yanalishika, waya unalala kama alivyoeleza Nahodha. Chubwi la risasi la kilo 4 na nusu lina kipenyo cha sentimita 9 tu, kama chungwa kubwa.

Ukiyeyusha risasi mwenyewe fanya nje, upepo ukupige mgongoni, watoto wawe mbali, na kamwe usivunje betri za gari kuitafuta. Na kalibu iwe kavu kabisa. Tone moja la maji chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke ghafla na kukurushia yote usoni. Namjua aliyepoteza jicho.

#14 msimbati_boy

Nahodha, ukija upande wetu kumbuka huku ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu mwaka 2000. Pita ofisini kwanza uulize sehemu gani ruksa. Na hilo chubwi kwenye matumbawe si zuri. Sisi tunaishi na hayo matumbawe.

#15 Nahodha_wa_Shangani

Nimekupata kaka, nitapita. Tangu siku ile ya kunasa naendesha na macho kwenye kipima kina, chubwi linakaa juu ya mwamba pima mbili na zaidi. Chini ikianza kupanda tunainua kwanza, maswali baadaye. Klachi ya ngoma nayo nimeipima kwa mizani ya samaki: nimefunga ndoano ya mizani kwenye waya, mpwa akavuta, nikalegeza mpaka ngoma inateleza kwenye kilo 20. Ikinasa tena ngoma itatoa waya, haitang'oa ukingo. Na koleo la kukatia waya limefungwa kwa kamba pale pale kwenye kitako, si kwenye sanduku la vifaa chini ya nyavu.

FundiVolti, jana nilipima kama ulivyosema, chubwi likiwa linapanda. Kwenye betri 12.3. Kwenye plagi ya winchi ya kulia 11.9. Kwenye ya kushoto 11.2. Waya ni uleule, urefu uleule.

#16 FundiVolti

Kushoto una kiungo kibovu. Usiende nayo baharini. Shika kila ncha kwa mkono baada ya kupandisha mara tatu nne, yenye joto ndiyo hiyo.

#17 Nahodha_wa_Shangani

Nimeshika. Ni boliti ya breka, haikukazwa vizuri, ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai. Nimefungua, nikasugua kwa msasa, nikakaza. Sasa 11.9 zote mbili. Picha naweka kesho nikirudi, natoka na maji ya alfajiri.

#18 BintiWaFeri

Ukirudi nipigie kabla hujafunga kamba. Juzi uliwapa wale wa Mikindani nikabaki na vibua.

#19 kijana_wa_Ligula

Na picha.